Waliohukumiwa Kutopona

Mwaka 1992, katika hospitali ya McLean iliyoko Belmont, mji mdogo ulio jirani na Boston katika jimbo la Massachusetts nchini Marekani, mtaalamu wa saikolojia Mary Zanarini na wenzake walianza kuwaandikisha wagonjwa waliolazwa hapo kwa maradhi ambayo siku zile hapana tabibu aliyefurahi kuyaona yameandikwa juu ya jalada la mgonjwa wake. Na walipokwisha kuandikisha walikuwa na watu 290, wengi wao wanawake, wote watu wazima wasiozidi umri wa miaka 35, na pamoja nao wengine 72 wenye maradhi mengine ya haiba, wawe kipimo cha kulinganishia. Ahadi waliyojiwekea ilikuwa nyepesi kutamka na nzito kutimiza, nayo ni kwamba kila baada ya miaka miwili watamtafuta kila mmoja wao popote alipo, wamwulize juu ya kazi yake, ndoa yake, ghadhabu zake na tamaa yake ya kufa, na wasichoke kumwuliza mpaka hatima yake ijulikane. Hatima hiyo wengi miongoni mwa wenye elimu walidhani wanaijua tayari. Walimu wa udaktari waliwanong'oneza wanafunzi wao kwamba mgonjwa wa aina hii haponi, kwamba humchosha kila amsaidiaye, na kwamba tabibu mwenye busara hujihadhari asiwe na wengi wa namna yake katika orodha moja.

Maradhi yenyewe huitwa maradhi ya haiba ya mpakani, na hospitalini huandikwa kwa herufi tatu, BPD. Jina hilo lilianza mwaka 1938, pale tabibu wa New York, Adolph Stern, mfuasi wa elimu ya Freud, alipoeleza kundi la wagonjwa ambao hakuweza kuwaweka pamoja na wenye wahaka na huzuni za kawaida, wala pamoja na waliopotewa na akili. Akawaona wamesimama mpakani baina ya makundi hayo mawili, na jina likaganda. Mwaka 1975 John Gunderson, tabibu wa hospitali ile ile ya McLean, akishirikiana na Margaret Singer, alizikusanya alama za maradhi hayo kwa mpango ulioweza kupimika, na mwaka 1980 yakaingia rasmi katika mwongozo wa Chama cha Matabibu wa Akili cha Marekani. Shirika la Afya Duniani kwa muda mrefu liliyaita kwa jina jingine, na katika orodha yake mpya iliyoanza kutumika Januari 2022 limeyafanya kuwa namna moja tu ya maradhi ya haiba kwa jumla. Mpaka aliouona Stern hauna haja tena ya kutafutwa, maana nadharia iliyouchora imekwisha kuachwa, ikabaki chapa yake.

Mwongozo wa Marekani huhesabu alama tisa, na mwenye tano kati yake, zilizomkaa tangu ujana na kujitokeza katika kila upande wa maisha yake, ndiye ahesabiwaye kuwa mgonjwa. Ya kwanza ni hofu ya kuachwa, awe anaachwa kweli au anadhani tu, nayo kwa maoni yangu ndiyo mama wa nyingi kati ya zilizosalia. Zinafuata mapenzi na usuhuba usiotulia, ambamo mtu yule yule huinuliwa leo hadi daraja ya malaika na kesho hushushwa hadi daraja ya adui. Kutoijua nafsi, hata mtu akabadili makusudio, marafiki na itikadi zake kwa kadiri ya anayekaa naye. Pupa yenye kudhuru katika fedha, ulevi, ngono au chakula. Kujidhuru na kujaribu kujiua. Hisia zinazopinduka ndani ya saa chache, aghalabu bila kufika siku ya tatu. Utupu wa daima moyoni. Ghadhabu kubwa kuliko sababu yake. Na mwisho, katika saa za dhiki, dhana mbaya juu ya watu au hali ya kujiona umetengana na mwili wako. Mwenye kupenda hesabu ataona kwamba alama tisa hutoa mafungu 256 yenye alama tano au zaidi, na kwamba wagonjwa wawili, kila mmoja akiwa na tano zake, waweza wasishiriki ila moja tu. Kwa hiyo asishangae mtu akiwakuta wawili walioandikiwa maradhi hayo hayo, mmoja akivunja vyombo na mwingine hasikiki sauti yake nyumba nzima.

Mchukue msichana wa miaka 26, mhasibu hodari, aliyempelekea mchumba wake ujumbe saa nne ya asubuhi asijibiwe. Saa tano anajiambia kwamba bwana yule ana kazi. Saa sita anakumbuka jinsi alivyoagana naye jana kwa sauti isiyo na uchangamfu. Kufika saa saba amekwisha kuwa na yakini kwamba ameachwa, moyo unamwenda mbio, hawezi kuona tarakimu zilizo mbele yake, na anaandika maneno ambayo mtu huyaandika kwa adui. Saa nane jibu linakuja: alikuwa kikaoni. Ndipo inaporudi haya, haya kubwa kuliko hofu iliyotangulia, pamoja na maombi ya radhi, nadhiri za kutorudia, na usiku ule chuki ya kujichukia inayomfanya atake kuuadhibu mwili wake mwenyewe. Mchumba, kwa upande wake, ndani ya saa nne ameulizwa, ametukanwa na ameombwa msamaha, wala hajui alitenda nini. Na baada ya miezi kadhaa ya saa kama hizo ataondoka kweli, na kuondoka kwake kutamthibitishia msichana kwamba hofu yake ilikuwa na haki tangu mwanzo.

Watu wa nyumbani hulieleza jambo hili kwa maneno yao. Husema anajitia, au ana deko, au anataka kuonwa. Wengine husema amepandwa na pepo, na hilo walau lina insafu zaidi, kwa sababu linakiri kwamba mwenyewe hakulichagua. Marsha Linehan, ambaye habari zake nitazieleza punde, amemfananisha mgonjwa huyu na mtu aliyeungua mwili mzima, ambaye ngozi ya hisia zake imetoka, hata kuguswa kwa upole kukamuumiza. Sijapata kusikia mfano ulio karibu zaidi na kweli, na ningependa kila mtu anayetaka kusema neno "deko" aukumbuke kwanza. Akili ya mgonjwa haina kasoro, wala hatofautiani na mtu mwingine katika kujua jema na baya. Bali hisia humjia upesi zaidi, humpanda juu zaidi, na hukawia zaidi kushuka, na mengi tunayoyaona kuwa ukorofi ni njia mbaya alizozigundua za kujituliza.

Chanzo cha hali hiyo hakikupatikana katika jambo moja. Uchunguzi mkubwa uliofanywa Sweden na kutangazwa mwaka 2021 ulikadiria mchango wa urithi wa damu kuwa asilimia 46, yaani karibu nusu ya tofauti iliyopo baina ya watu, na nusu iliyobaki ni mambo yanayompata mtu ulimwenguni. Miongoni mwa hayo, kudhulumiwa na kutelekezwa utotoni kunaonekana mara nyingi mno katika historia za wagonjwa, lakini wapo waliolelewa kwa mahaba na wakaugua, na wapo waliodhulumiwa wakaokoka. Linehan mwenyewe alishikilia kwamba mtoto aliyezaliwa na hisia kali anapolelewa mahali ambapo kila anachohisi hukanushwa, akilia aambiwe hana sababu ya kulia, akiogopa aambiwe hakuna cha kuogopa, hukua bila kujifunza kuzitaja hisia zake wala kuziamini, na hujifunza badala yake kwamba hasikiwi mpaka apige ukelele. Mzazi asomaye haya asijihukumu kwa haraka. Malezi yanayomfaa ndugu yake mwenye moyo mzito yaweza kabisa kumshinda mtoto huyu, na hapana mzazi aliyepewa habari hiyo siku ya uzazi.

Nirudi sasa kwenye ile imani ya matabibu, kwamba maradhi haya hayaponi, kwa sababu nadhani ndiyo iliyodhuru zaidi kuliko dawa yoyote iliyotolewa kimakosa. Imani hiyo haikutungwa na watu waovu wala wavivu. Ilitokana na walichokiona kwa macho yao, na hapo ndipo palipo na hila. Mwaka 1984 Patricia Cohen na Jacob Cohen walieleza kosa la kuona ambalo waliliita njozi ya tabibu: kila daktari hukutana zaidi na wale wanaougua muda mrefu kuliko wale wanaougua muda mfupi, kwa kuwa aliyepata nafuu huenda zake asirudi, ilhali asiyepata huja leo, na wiki ijayo, na mwaka ujao. Mgonjwa aliyeugua miaka 20 huonekana katika baraza ya hospitali mara nyingi kuliko kumi walioondoka baada ya mwaka mmoja, na tabibu akikaa jioni kuyahesabu yote aliyoyaona, huhesabu waliobaki. Aliyepona hatumi barua. Pengine ameolewa mji wa mbali, anafanya kazi benki, na hataki hata kidogo kukutana barabarani na mtu aliyemjua katika siku zile. Ndiyo sababu kazi ya Zanarini ilikuwa na thamani, kwa kuwa yeye hakungoja wagonjwa waje. Aliwafuata, wazima na wagonjwa sawasawa.

Alichokikuta ni hiki. Baada ya miaka kumi, kwa taarifa aliyoitoa mwaka 2010, asilimia 93 ya wagonjwa walikuwa wamepata nafuu iliyodumu walau miaka miwili, yaani hawakuwa tena na alama za kutosha kuitwa wagonjwa, na asilimia 86 nafuu yao ilidumu miaka minne. Kufika mwaka wa 16 waliopata nafuu ya miaka miwili walikuwa asilimia 99, na waliodumu nayo miaka minane asilimia 78. Maradhi yaliwarudia asilimia 36 ya waliopata nafuu ya miaka miwili, lakini kwa wale waliokwisha kukaa miaka minane salama yaliwarudia asilimia 10 tu. Kwa maneno mengine, kadiri nafuu inavyozeeka ndivyo inavyopata nguvu. Watafiti wengine katika miji mingine walifika karibu na hapo hapo. Ukiyalinganisha matokeo haya na yale ya baadhi ya maradhi ya akili ambayo hapana mtu anayeyaogopa kwa kiasi hicho, utaona ajabu kwamba yaliyokuwa yakihesabiwa sugu kupita yote ni miongoni mwa yanayoachilia zaidi.

Laiti ningeweza kukomea hapo, safu hii ingekuwa bishara tupu. Lakini Zanarini aliuliza swali la pili, na jibu lake lina uzito. Aliita kupona kamili hali ya mtu ambaye, juu ya kupungukiwa na alama za maradhi, ana walau rafiki mmoja wa dhati au mwenzi wa maisha anayemtegemea, na anafanya kazi au masomo ya siku nzima, kwa umahiri na bila kukatiza. Kwa kipimo hicho, waliopona baada ya miaka kumi walikuwa nusu. Baada ya miaka 16 walioyafikia hayo kwa miaka miwili walikuwa asilimia 60, na kwa miaka minane asilimia 40, ilhali wale 72 wa kulinganishia walikuwa asilimia 85 na 75. Kwa hiyo umati mkubwa wa watu wameacha kujidhuru, wameacha kulazwa, hawapigi tena kelele usiku, nao wamekaa nyumbani bila kazi, bila sahibu, wakiishi maisha membamba ambayo hapana hospitali itakayoyahesabu kuwa ugonjwa.

Sababu yake yafahamika nusu. Alama za maradhi haya hazitoki kwa mwendo mmoja: zile za ghafula na za hatari, kama kujidhuru, kujaribu kujiua na dhana mbaya za wakati wa dhiki, huondoka mapema, ilhali zile zilizo karibu na tabia ya kuzaliwa, kama ghadhabu, upweke, utupu na hofu ya kuachwa, hukawia miaka mingi. Mtu akitolewa hatarini akaachwa na utupu wake, atafanya lililo rahisi, naye atajitenga na watu, kwa kuwa asiyependa mtu haachwi, na asiyeajiriwa hafukuzwi. Fauka ya hayo, miaka ambayo wenziwe waliitumia kujifunza kazi, kugombana na kupatana, yeye aliipitisha wodini na katika dhoruba za mapenzi, na anapofikisha miaka 32 na akili imetulia, hajui jinsi watu wanavyomaliza juma zima na mkubwa wa kazi wasiyempenda. Huo ni ujinga wa mambo ya dunia, wala hautibiki kwa kidonge.

Gunderson, aliyefariki mwaka 2019 baada ya kuitumikia elimu hii maisha yake yote, alilitambua hilo, na katika kitabu alichokitoa mwaka 2014 pamoja na Paul Links aliwashauri matabibu waseme wazi kwa wagonjwa wao kwamba kazi itangulie mapenzi. Shauri hilo huwaudhi vijana, na mimi pia nilipolisoma mara ya kwanza niliona lina ukavu wa mzee aliyesahau ujana. Sasa naona lina busara kubwa. Mapenzi humpa mgonjwa furaha yote na kumnyang'anya yote ndani ya siku moja, na mwenye ngozi iliyoungua hawezi kuanza hapo. Kazi, hata iwe duni, hutoa kipimo cha thamani kisichobadilika kwa sababu mtu mmoja hakujibu ujumbe. Mshahara haukuulizi jana uliamkaje, na mteja anayekuja kununua khanga anataka khanga.

Nimemtaja Marsha Linehan. Alizaliwa mwaka 1943 katika mji wa Tulsa, jimbo la Oklahoma, katika jamaa ya Wakatoliki wenye watoto sita, na mwaka 1961, akiwa na umri wa miaka 17, alipelekwa hospitali ya akili iitwayo Institute of Living, huko Hartford, Connecticut. Alikaa humo miezi 26. Matabibu walimhesabu kuwa na skizofrenia, wakampa dawa kali, wakampitisha katika mshtuko wa umeme, wakamfungia katika chumba cha kutengwa, naye alijidhuru kila alipopata nafasi. Na cheti cha kuruhusiwa kilimtaja miongoni mwa wagonjwa waliosumbuka kupita wote hospitalini hapo. Mle ndani aliweka nadhiri kwa Mungu kwamba akitoka katika jehanamu ile atarudi kuwatoa wengine. Aliendelea kuugua baada ya kutoka. Akafanya kazi mchana na kusoma usiku huko Chicago, na mwaka 1967, akisali katika kanisa dogo la nyumba ya watawa, alipata hali ambayo mwenyewe anaieleza kuwa ndiyo mara ya kwanza aliyojihisi kujipenda. Mwaka 1971 akapata shahada ya udaktari wa falsafa katika chuo kikuu cha Loyola, akaishia kuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle.

Huko alianza kuwatibu wanawake waliotaka kufa, kwa njia za elimu ya tabia zinazomtaka mgonjwa abadilike; nao wakaona wanalaumiwa, wakaghadhibika, wakaondoka. Akageuza, akawapokea kama walivyo, wakaona hapana anayejali kama mateso yao yatakwisha. Ndipo alipoyafunga mambo hayo mawili pamoja, kumkubali mtu jinsi alivyo na kumdai abadilike, akichukua sehemu ya kwanza katika mazoezi ya watawa wa Zen na sehemu ya pili katika sayansi, akaiita tiba ya dialektika. Mgonjwa huonana na mtabibu wake kila wiki. Huhudhuria darasa la kujifunza stadi nne, yaani kuwa macho kwa wakati uliopo, kustahimili dhiki bila kuizidisha, kuziongoza hisia, na kuishi na watu bila kujidhalilisha wala kuwavunjia heshima. Huruhusiwa kupiga simu apate maelekezo anapozidiwa. Nao watabibu wenyewe hukutana kila wiki kusaidiana, sharti ambalo mwenye kuifahamu kazi hii hatalibeza. Matokeo ya kwanza aliyatangaza mwaka 1991, na yakaonyesha kwamba waliotibiwa hivyo walijidhuru mara chache zaidi na walidumu zaidi katika tiba. Na katika jaribio la mwaka 2006 la wanawake takriban 100, walioipata tiba hiyo walijaribu kujiua kwa kiasi cha nusu ya wale waliotibiwa na mabingwa wengine.

Habari za ugonjwa wake mwenyewe alizificha kwa muda wote huo. Mwaka 2011, akiwa na miaka 68, alirudi Hartford, katika hospitali ile ile, akasimama mbele ya jamaa, rafiki na madaktari, akasema kwamba naye aliwahi kuwa mgonjwa hapo. Wagonjwa walikuwa wakimwuliza kwa miaka, wakiyaona makovu mikononi mwake, kama yeye naye ni mwenzao. Wapo waliomlaumu kwa kuchelewa. Mimi simlaumu, kwa kuwa angalisema mwaka 1991, wangelikuwepo wengi wa kuitupa elimu yake kwa kisingizio kwamba imetungwa na mgonjwa.

Tiba yake si ya pekee. Mjini London, Anthony Bateman na Peter Fonagy wamefundisha njia inayomzoeza mgonjwa kutafakari yaliyo moyoni mwake na moyoni mwa mwenzake kabla ya kuhukumu, na wagonjwa waliowafuatilia kwa miaka minane walikutwa wangali salama zaidi kuliko wenzao. Uholanzi imeonyesha manufaa ya njia iliyotungwa na Jeffrey Young. Lakini jaribio linalonivutia zaidi ni la Toronto, mwaka 2009, ambamo Shelley McMain na wenzake waliwagawa wagonjwa 180 mafungu mawili, fungu moja likapata tiba ya Linehan na la pili likapata uangalizi wa kawaida wa kitabibu, uliopangwa vizuri na kushikiliwa na watu waliotaka kuwahudumia wagonjwa hao. Baada ya mwaka mmoja mafungu yote mawili yalikuwa yamepata nafuu kubwa, wala hakukuwa na tofauti ya maana baina yao. Ama dawa za vidonge, mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2009 ulikataza zisitumiwe kwa ajili ya maradhi haya yenyewe, ila kwa maradhi mengine yaliyoandamana nayo. Na jaribio la dawa ya lamotrijini lililotangazwa mwaka 2018, likiwa na wagonjwa 276, halikuona faida yoyote juu ya kidonge kitupu. Hata hivyo wagonjwa wengi hubeba vidonge vya namna nne na tano, kila kimoja kikiwa ukumbusho wa usiku mmoja mbaya ambao tabibu aliona aibu kumwacha mtu aende mikono mitupu.

Jaribio la Toronto lina maana kubwa kwetu Afrika ya Mashariki. Hospitali zetu kongwe za akili, Mathari ya Nairobi iliyoanza mwaka 1910 na Mirembe ya Dodoma iliyoanza mwaka 1927, zilianzishwa na serikali za kikoloni kwa ajili ya waliopotewa na akili, na mwenye maradhi ya haiba ya mpakani, anayesema maneno yaliyopangika na kulijibu kila swali, hana mahali pake katika fikira hiyo. Darasa la stadi la mwaka mzima pamoja na simu ya usiku ni mambo ya nchi zenye watabibu wengi. Lakini uangalizi mwema, wa daktari au muuguzi mmoja asiyebadilika, anayemweleza mgonjwa jina la maradhi na matarajio yake, anayemwona mara moja kwa wiki, anayeuliza habari za kazi kabla ya habari za mapenzi, na asiyetishika wala kutishia, huo unaweza kupatikana katika hospitali ya wilaya. Anayetaka kwenda kwa sheikh au padri kuombewa aende, na tena wengi huko hupata mtu wa kwanza aliyewasikiliza. Ila mgonjwa asifungwe, asipigwe, na wala asikatazwe kurudi hospitali.

Jambo moja katika sheria zetu linastahili kusemwa bila kuzunguka. Kifungu cha 226 cha sheria ya makosa ya jinai ya Kenya, urithi wa Waingereza, kilimfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, hata Januari 2025 Mahakama Kuu ilipotamka kwamba kinapingana na Katiba. Tanzania nayo ina kifungu cha 217 katika Kanuni ya Adhabu kinachosema vivyo hivyo. Kwa ugonjwa ambao kujaribu kujiua ni mojawapo ya alama zake, sheria ya namna hii humfanya mgonjwa akimbie mahali pekee panapoweza kumwokoa, na jamaa zake wadanganye mbele ya daktari. Hatari yenyewe si ya kubuni: miongoni mwa wale 290 wa McLean, kwa muda wa miaka 24, karibu asilimia 6 walijiua, na asilimia 14 walikufa kwa sababu nyingine, wengi wao mapema kuliko ilivyostahili. Akisema jamaa yako kwamba anataka kufa, msadiki. Muulize waziwazi, maana swali halimtii mtu wazo asilokuwa nalo. Viondoe vilivyo karibu naye vinavyoweza kumdhuru. Usimwache peke yake. Na mfikishe hospitali usiku huo huo.

Jamaa nao huugua kwa namna yao. Huko Marekani Perry Hoffman na Alan Fruzzetti walitunga mafunzo ya wiki 12 kwa ajili yao, yanayofundishwa na jamaa waliokwisha kuyapitia, na kiini chake kinaweza kutumika katika nyumba yoyote: kukiri anachohisi mtu bila kukiri anachotenda. Kumwambia dada yako, "Naona umeumia sana, tena inauma kusubiri bila jibu," si kumwambia kwamba alifanya vyema kuvunja simu. Mambo hayo mawili watu wengi huyachanganya, wakadhani huruma ni kuridhia. Ndipo wanapobaki na njia mbili tu, kukemea au kunyenyekea, na mgonjwa huwayumbisha baina ya hizo hadi wachoke.

Nina ombi moja, nalo naliweka mbele ya watu wasiozoea kuombwa katika safu za afya, yaani waajiri, wakuu wa vyuo na wenye maduka na karakana. Tabibu akifanya kazi yake na jamaa wakafanya yao, mtu huyu atafika mlangoni kwenu akiwa na miaka ishirini na kitu au thelathini na kitu, na pengo refu katika barua yake ya kuombea kazi ambalo hataweza kulieleza vizuri. Mpeni nafasi ya kujifunza kazi kuanzia chini, mpeni mkubwa asiyefoka, na siku atakapoondoka kwa hasira saa nne ya asubuhi, mruhusuni arudi saa tatu ya kesho yake, azungumze, aendelee.